Maneno Meupe kwenye CV Yangu Yamemwita na Baba Mdogo

Mpendwa Shangazi Esteri, naomba msaada wako, na kama itakubidi kucheka basi cheka upesi uniwahi, maana Alhamisi ijayo nina usaili Kasulu na kwa hali ilivyo sijui kama niende au nijifunike blanketi nijifanye naumwa malaria.

Mimi ni binti wa Busunzu, hapa Kibondo, nina stashahada ya maendeleo ya jamii, na tangu nimalize chuo kazi yangu ni kuomba kazi kwenye mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nduta, na siku hizi Shangazi hakuna tena habari ya kupeleka bahasha ofisini ukamwachia mlinzi, unaingia mtandaoni, unajaza, unaambatisha CV, unabonyeza, na mimi kila nikibonyeza, hata simu sijairudisha mfukoni, jibu limeshaingia, "tunasikitika kukujulisha", mpaka nikawa najiuliza huyu mtu anayesikitika kwa kasi hii amesoma saa ngapi, ndipo nikaambiwa hakuna mtu hapo, ni mashine inayopitia CV kwanza, inatafuta maneno yaliyo kwenye tangazo la kazi, isipoyaona inakutupa, na binadamu mwenye kiti chake hata hajui kama uliwahi kuomba.

Na ukweli ni kwamba CV yangu ilikuwa fupi. Mahali pa uzoefu niliandika "nimesaidia kambini", basi, kwa sababu sisi kwetu mtu hajisifu, tukiwa wadogo ukirudi nyumbani ukasema umekuwa wa kwanza darasani baba anakuuliza, kwani huna ndugu mpaka ujisemee mwenyewe, na kweli kila jambo kubwa mtu anasemewa, kuposa anasemewa, kuomba shamba anasemewa, hata mimi kuingia kwaya alikwenda baba mdogo kunisemea wakati sauti ni yangu, kwa hiyo kwenye CV nikaweka majina ya wadhamini chini pale, paroko, mwalimu wangu wa chuo na mwenyekiti wa kijiji, nikajua wakipigiwa simu hao ndio watakaomwaga sifa zote, kumbe mashine haimpigii mtu simu.

Basi nikaenda Kibondo mjini kwa Pacifique mwenye steshenari, kijana ambaye mama yake ni Mkongomani na watu wanasema CV zake hazirudi. Nilikwenda na pikipiki ya parokia ambayo huwa naiendesha mwenyewe, leseni ninayo, na siku hiyo nilichelewa kwa sababu nilipitia Nduta ambako huwa najitolea, nikakuta kina mama wamegombana tena bombani, na wakigombana wananisubiri mimi kwa mazoea tu, wale wanasema Kirundi, afisa anasema Kiingereza, mimi nasimama katikati nawasikilizisha, halafu wananipa malalamiko yao ya mgawo niyaandike nipeleke ofisini, halafu wananiuliza kikao cha vyoo nitakiitisha lini, yaani hata nafasi ya kushughulikia mambo yangu ya maana sipati.

Pacifique akaisoma CV yangu akatikisa kichwa kama daktari. Akasema, "Bon, dada, hii mashini haina macho, iko na njaa tu. Weye unaipatia sahani ya bure, haina kitu ndani. Acha tuilishe."

Akachukua tangazo lote la kazi, lote Shangazi, akalibandika chini ya CV yangu, akalifanya herufi ndogo kama mayai ya chawa, kisha akaligeuza rangi likawa jeupe juu ya karatasi nyeupe, likapotea. Akaniambia mashine inasoma hata yasiyoonekana, itayakuta maneno yote inayoyatafuta, itashiba, na binadamu akifungua ataona ukurasa safi. Nikamuuliza huo si udanganyifu? Akanijibu, "Udanganyifu ya wapi? Hakuna mutu ataona kitu," akabonyeza, CV yangu ikaenda.

Sasa wakati huo huo akaingia baba yangu mdogo, Anaclet, kutoka Mabamba, amekuja kupiga picha ya pasipoti kwa ajili ya kitambulisho cha ushirika wao wa maharage. Pacifique akamwangalia, akaniangalia, akaninong'oneza kwamba dawa hupimwa kwa mgonjwa sugu, tumjaribu mzee. Akamuuliza, "Mzee, nikuombee kazi?" Baba mdogo akasema, "Niombee, nani anakataa kazi?" Pacifique akamwandikia mistari mitatu kwa rangi nyeusi: jina lake, mkulima wa maharage Mabamba, ninajua kuongea na watu. Chini yake akabandika tangazo lote kwa maneno meupe, akabonyeza. Na mimi nilikuwepo, na nilicheka mpaka nikashika meza, na hiyo Shangazi ndiyo inayoniumiza.

Ujumbe wa kuniita kwenye usaili ukaja, nikapiga magoti nikamshukuru Mungu, maana mdogo wangu Irakoze amemaliza kidato cha sita na nyumbani wamesema wazi kwamba chuo atakwenda nitakapopata kazi mimi, kila asubuhi ananiangalia usoni bila kuuliza. Sijainuka pale chini simu ikalia, ni baba mdogo.

"Mwana wanje!" anapiga kelele. "Wameniona!"

"Nani amekuona, baba?"

"Shirika! Wameniita Kasulu! Nilimwambia Jeannette siku zote, mimi nina kitu, siku moja watu wakubwa watakiona. Yampaye! Wamekiona!"

Shangazi, Mabamba nzima inajua. Mama mdogo Jeannette amempunguzia suruali ya harusi. Katekista amemwazima viatu, na Jumapili walimwombea kanisani akiwa amesimama mbele ndani ya viatu hivyo. Nilipomwambia kwa sauti ndogo kwamba na mimi nimeitwa, nafasi hiyo hiyo, alifurahi mara mbili, akasema, "Ego! Tutakwenda wote. Nikipata mimi, wewe nitakufanya msaidizi wangu." Hakuwa anatania.

Juzi nikarudi kwa Pacifique nikamwambia nionyeshe hayo maneno meupe tena. Akapitisha kipanya mpaka kivuli cha bluu kikayafunika, yakatoka yote kama kumbikumbi baada ya mvua. Nikasoma. Kuongoza vikao vya jamii, kupokea malalamiko, Kirundi na Kiha, leseni ya pikipiki, Kifaransa, uchambuzi wa takwimu, na mwishoni kabisa, kwa sababu alibandika tangazo zima bila kupunguza, imeandikwa: mwombaji yeyote atakayebainika kufanya udanganyifu ataondolewa mara moja. Yaani hiyo imo ndani ya CV yangu. Imo na ndani ya CV ya baba mdogo.

Sasa nimebanwa. Nikimwacha aende, watamfungulia CV yake mbele yake, watamuuliza habari za takwimu, mtu mmoja mwenye akili atapitisha kile kivuli cha bluu, ataaibika yule mzee na viatu vya watu miguuni, na mimi nikiwa nimekaa benchi moja naye nafuata, na jina letu la ukoo ni lile lile. Nikimwambia asiende kwa sababu aliyeitwa si yeye ni maneno ya Pacifique, ataniuliza, na wewe mwanangu, aliyeitwa ni nani? Hilo ndilo sina jibu lake. Niende, nisiende, au twende wote tukaaibike kifamilia? Nakuomba sana ubadilishe majina.

Ni mimi,
Niliyecheka, Busunzu

Shangazi Esteri anajibu:

Niliyecheka, na mimi nimecheka. Nimecheka kwenye kikao cha vyoo, nimecheka kwenye suruali ya harusi, na pale kwenye onyo la udanganyifu mhariri alikuja kuuliza kama niko salama. Nimemaliza. Sasa kaa vizuri.

Majina nimebadilisha yote kama ulivyoomba. Lakini viatu vya katekista nitavibadilishaje? Gazeti hili linatoka Jumamosi, Kibondo mjini utalipata siku hiyo hiyo, na Mabamba linafika Jumatatu na gari la kwanza. Kasulu nako wanalisoma, na wengine wanalisomea ofisini. Uliniandikia gazetini, hukuniandikia kwenye kiti cha maungamo. Kwa hiyo lile swali lako la kumwambia au kutomwambia nimekuondolea. Una Jumapili nzima, na pikipiki unayo.

Kabla hujaondoka nikugombeze kidogo. Kulisha mashine maneno ya uongo ni uongo, hata ukiuandika kwa rangi gani. Mashine haiajiri mtu. Inafungua mlango tu, na nyuma ya mlango kuna watu wenye macho, nao watakuuliza kwa Kifaransa. Utawajibu nini, bonjour? Na Pacifique mwambie nimesema hivi: kijana anayeweza kuficha tangazo zima kwenye karatasi ana akili ya kutosha kuandika CV ya kweli, aitumie. Kama ameipeleka dawa hiyo kwa kila mteja wake, Alhamisi benchi la Kasulu litajaa Kibondo yote, na wote wana onyo lile lile mgongoni.

Lakini kilichoniudhi kweli si maneno meupe. Ni yale meusi. "Nimesaidia kambini." Binti, umeniandikia barua ndefu ukilalamika kwamba wewe huna cha kuandika, na katikati ya malalamiko umeniambia kwamba unaendesha pikipiki na leseni unayo, unatafsiri kati ya Kirundi na Kiingereza watu wakiwa wameshikana mashati, unasuluhisha ugomvi wa bombani, unapokea malalamiko ya mgawo unayaandika na kuyafikisha ofisini, na kina mama wanakungoja wewe ndiyo kikao kiitishwe. Halafu unasema hupati nafasi ya kushughulikia mambo yako ya maana! Hayo ndiyo mambo yako ya maana. Chukua tangazo lile, soma ulinganishe. Sehemu kubwa ya maneno uliyoyaficha ni ya kweli. Umeiba mali yako mwenyewe, ukaibeba dirishani na mlango uko wazi.

Najua kwa nini. Mimi ni mtu wa huku huku, na baba yangu alikuwa na swali kama la baba yako. Kujisifu ni aibu, tunamtuma mtu. Mila nzuri, na mezani kwa wakwe uiendeleze. Lakini mashine haina wakwe, haijui ukoo wako, na haitampigia paroko. Kinachoandikwa pale ndicho kilichopo, kisichoandikwa hukufanya. Kuandika "nimetafsiri kwenye vikao vya kina mama Nduta, tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani" si kujisifu. Ni kusema ulikuwa wapi.

Sasa fanya hivi. Jumapili baada ya misa nenda Mabamba. Usipige simu. Mwombe baba mdogo mtoke mkae pembeni, mbali na mama mdogo na mbali kabisa na katekista. Anza na kosa lako, si lake. Mwambie maneno yaliyoitwa na mashine hayakuwa yako, umeyaficha, na kwamba Pacifique alimfanyia na yeye vile vile, na wewe ulikuwa umesimama pale unacheka. Hicho kicheko kitaje. Ndicho kitakachomuuma, na ndicho anachostahili kuombwa radhi. Atakasirika, mwache akasirike, na ukipewa maneno yapokee kichwa kikiwa chini.

Akishatulia, mpe kazi. Yule mzee ndiye msemaji wa ukoo wenu, mashine ilibahatisha lakini haikukosea. Mwambie: "Baba, nisemee kama siku ya posa. Jifanye shirika ndilo wakwe." Kisha chukua kalamu ukae kimya. Atasema mambo uliyokwisha kuyasahau. Yote atakayosema yaandike, chumvi itoe baadaye.

Ukirudi, andika CV upya kwa rangi moja, nyeusi. Yaliyo kweli kwenye yale maneno meupe yalete juu yaonekane, na uyaite kwa majina yale yale yaliyo kwenye tangazo, maana mashine ukiiandikia "kusikilizisha watu" na yenyewe inatafuta "kusuluhisha migogoro" itakupita. Yasiyo kweli futa, Kifaransa na takwimu viende. Kila kazi iwe na mahali na miaka, hata kama ni ya kujitolea, kujitolea ni kazi isipokuwa mwisho wa mwezi. Yale mapambo ya maua na visanduku ambavyo watu wa steshenari wanavipenda sana waambie wayaweke kwenye kadi za harusi, mashine ikikuta visanduku inachanganya namba ya simu na dini. Tuma faili la aina waliyotaja wao, si picha ya karatasi uliyopiga kwa simu.

CV hiyo uitume Jumatatu asubuhi kwenye anwani iliyokuita, na maelezo mafupi: niliyotuma mwanzo ilikuwa na maneno yaliyofichwa, baadhi si ya kweli, hii ndiyo sahihi, nisameheni. Wanaweza kukuondoa. Nakuambia waziwazi, wanaweza, na watakuwa na haki yao, na utalia, na Irakoze atakuangalia tena usoni asubuhi. Lakini hapo utamwangalia na wewe, na tangazo litakalofuata utaliomba na karatasi ambayo huogopi mtu akiipitishia kivuli cha bluu. Wakikuacha ubaki kwenye orodha, utaingia bila kitu mgongoni.

Na mzee? Uamuzi ni wake, si wako. Hakuficha kitu, alijibu tu kwamba hakatai kazi. Akitaka kwenda, basi naye atume mistari yake mitatu myeusi peke yake, waamue wao. Akitaka kubaki, Mabamba awaambie ameamua kumpisha mwanawe, na wewe usimkanushe hata neno. Nafasi hiyo ya kusema uongo mdogo nampa mimi, ameshasimama mbele ya kanisa zima na viatu vya mtu.

Ila ningependa akusindikize. Aje na suruali yake ya harusi, akae kwenye benchi la nje, kama watu wa upande wako wanavyokaa siku kubwa. Ndani ingia peke yako. Watakuuliza kwanza, kama wanavyouliza wote, "Tueleze kidogo kukuhusu." Mazoea yatakugeuza shingo umtafute mlangoni. Usigeuke. Alikwisha kukusemea Jumapili, na wewe uliandika.